Somo la Ndoa: "Eti Papa Ameruhusu Talaka?"



Somo la leo nimeliahirisha mara kadhaa kwa sababu linaigusa nyumba yetu. Lakini hivi karibuni nilialikwa kwenye semina ya vijana Tegeta. Mimi ni mtu wa Mbagala, kwa hiyo kutoka Temeke kwenda Kinondoni nilivuka mji mzima. Mwisho wa semina tukapitisha boksi la maswali, kila mtu aandike bila jina. Tulipolifungua, vikaratasi vingi kuliko vyote vilikuwa na swali lile lile kwa maneno tofauti. "Ni kweli siku hizi ndoa ya kanisani inavunjwa?" "Inachukua shilingi ngapi?" "Mama yangu aliachwa, anaweza kuolewa tena?"

Waulizaji wengi hawajaoa wala kuolewa. Wanauliza kwa ajili ya mama, kaka, dada na shangazi. Na mimi niliwahi kuwa muulizaji wa namna hiyo. Naanzia hapo.

Daladala ya Rangi Tatu

Septemba 2015 nilikuwa kidato cha pili. Siku moja ndani ya daladala ya kwenda Rangi Tatu abiria wawili walikuwa wanabishana. Mmoja anasema Papa ameruhusu talaka. Mwenzake anasema hapana, si talaka, ameruhusu kuvunja ndoa haraka haraka. Nilifika nyumbani na habari hiyo kama ilivyo, nikammwagia mama aliyekuwa anakaanga maandazi ya kuuza.

Nilidhani atafurahi. Baba aliondoka mwaka 2008, akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Mama akabaki na sisi watoto watatu, peke yake. Hakuolewa, hakuishi na mwanaume. Lakini tangu mwaka huo hakukomunika tena, kwa sababu kina mama wenzake walimwambia kuwa mwanamke aliyeachika hapokei. Kila Dominika, wakati wa Komunyo, alikuwa anasogeza miguu pembeni ili wenzake kwenye benchi wapite, halafu anabaki ameinama.

Basi aliposikia habari yangu, aliepua karai akaniuliza: "Kwa hiyo baba yako anaweza kunivunjia ndoa bila mimi kujua?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo somo letu.

1. Talaka na ubatili wa ndoa si kitu kimoja

Kanisa halina talaka. Bwana wetu alipoulizwa na Mafarisayo, alijibu kwa kurudi mwanzo, pale Mungu alipowaumba mume na mke wawe mwili mmoja (soma mwenyewe Mathayo 19:3-9). Ndoa halali ya wabatizwa wawili iliyokamilika kwa tendo la ndoa haivunjwi na Papa, Askofu wala hakimu yeyote.

Sasa hicho kinachofanyika kwenye Mahakama ya Kanisa ni nini? Ni kuchunguza swali moja tu: siku ile mbele ya altare, ndoa ilifungwa kweli au haikufungwa? Kanisa likipata uhakika kwamba kulikuwa na kasoro kubwa iliyozuia ndoa isiwepo tangu mwanzo, linatangaza ubatili. Halivunji kitu. Linasema kwamba kilichoonekana kuwa ndoa hakikuwa ndoa.

Sisi wa Mbagala, Chamazi na Bunju tunaelewa habari za viwanja. Mtu ananunua kiwanja, anajenga, anapaka rangi, anahamia. Baada ya miaka inagundulika kwamba aliyemuuzia hakuwa na haki ya kuuza. Nyumba ipo, jasho lipo, lakini mauziano yale hayakuwa na nguvu tangu siku ya kwanza. Ubatili wa ndoa unafanana na hivyo. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu watoto si tofali. Kanuni ya 1137 inasema wazi kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa iliyoaminika kuwa halali ni watoto halali, hata ikija kutangazwa batili. Kijana, wazazi wako wakipewa hukumu ya ubatili, wewe hugeuki kuwa mtoto wa nje. Lishike hilo.

2. Ni nini hasa kilibadilika mwaka 2015?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi barua yake, Mitis Iudex Dominus Iesus, yaani Bwana Yesu Hakimu Mpole, tarehe 15 Agosti 2015, sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Ilitangazwa tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwake Mama yetu. Ikaanza kutumika tarehe 8 Desemba, sherehe ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, siku ile ile Papa alipofungua Mwaka wa Huruma ya Mungu. Makanisa ya Mashariki yalipewa barua yao pacha.

Mambo makuu yaliyobadilika ni haya:

- Hukumu moja inatosha. Tangu Papa Benedikto XIV mwaka 1741, ilibidi mahakama mbili zikubaliane kwamba ndoa ni batili. Alifanya hivyo kwa sababu wakati wake ndoa zilikuwa zinatangazwa batili ovyo. Sasa hukumu ya kwanza inatosha, kama hakuna aliyekata rufaa ndani ya muda uliowekwa, ambao ni siku 15.
- Mahali pa kupeleka shauri. Unaweza kupeleka shauri mahali ndoa ilipofungwa, mahali anapoishi mmoja wa wanandoa, au mahali ushahidi mwingi unapopatikana. Kwa jiji letu hili ni jambo kubwa. Wangapi walifunga ndoa Kigoma, Songea au Bukoba, na leo wanaishi Charambe?
- Mchakato mfupi mbele ya Askofu. Huu ni kwa mashauri ambayo ubatili wake uko wazi na una ushahidi mkononi. Masharti yake ni mawili kwa pamoja: wote wawili waombe, au mmoja aombe na mwenzake akubali, na ushahidi usihitaji uchunguzi mrefu. Askofu mwenyewe ndiye anayeamua. Kama hajapata uhakika, shauri linarudi kwenye njia ya kawaida.
- Gharama. Papa alitaka huduma hii itolewe bure kadiri inavyowezekana, huku wafanyakazi wa mahakama wakipata ujira wao wa haki.

Na haya hayakubadilika: ndoa bado inahesabiwa kuwa halali mpaka ithibitike vinginevyo (Kanuni ya 1060). Mtetezi wa kifungo cha ndoa, aliyewekwa na Benedikto XIV mwaka ule wa 1741, bado yupo. Kazi yake ni kuleta kila hoja ya kuitetea ndoa. Na mwenzi wa pili lazima ajulishwe na apewe nafasi ya kusema.

Hapo ndipo jibu la mama lilipokuwa. Hapana, mama. Baba hawezi kufanya hivyo kwa siri. Barua ya mahakama ingekufikia, ungesikilizwa, na ungekuwa na haki ya kukata rufaa. Na ile njia fupi isingefunguliwa bila wewe kukubali.

3. Kwa nini maswali yaliongezeka?

Baadhi ya watu wanasema hamu hii ya kuuliza ni dalili kwamba imani imeshuka. Mimi nimeona vingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mashauri ya ubatili duniani ilitoka Marekani. Si kwamba ndoa zenye kasoro zilikuwa kule tu. Kule mahakama za Kanisa zilikuwa na watu na vifaa, na waamini walijua zipo. Huku kwetu Mkatoliki wa kawaida alikuwa hajui kabisa kwamba jimbo lina mahakama. Wengine waliamini ni lazima uende Roma, au uwe tajiri.

Habari za 2015 zilivunja ukimya. Zilifika zimepinda, kama zilivyonifikia mimi kwenye daladala, lakini zilifanya watu waliokaa kimya miaka kumi wainue kichwa na kuuliza. Kazi yetu ni kuwapa jibu la kweli. Tusiwadanganye kwamba sasa kila kitu kinawezekana, na tusiwafukuze kana kwamba kuuliza ni dhambi.

4. Kanisa linasikiliza sababu zipi?

Ndoa inafanywa na ridhaa ya wawili (Kanuni ya 1057). Kwa hiyo sababu nyingi zinahusu ridhaa ile siku ya ndoa:

- Kulazimishwa au hofu kubwa (1103). Binti amepata mimba, wazazi wanatishia kumfukuza, anasema "ndiyo" huku moyo unakataa. Mimba peke yake haibatilishi ndoa. Swali ni kama alikuwa huru.
- Udanganyifu (1098). Mmoja amedanganywa kwa makusudi, ili akubali, kuhusu jambo zito linaloweza kuvuruga sana maisha ya ndoa. Mfano ni kufichwa utasa.
- Kukataa moyoni kiini cha ndoa (1101). Mdomo unaahidi, lakini mtu amekwisha kuamua hataki watoto kabisa, au hataki uaminifu, au "ikinishinda naondoka".
- Kushindwa kuelewa au kubeba wajibu wa ndoa (1095). Hii inagusa ugonjwa wa akili au upungufu mkubwa wa kupima mambo. Hapa mara nyingi mtaalamu anahitajika.
- Vizuizi. Mfano, mmoja alikuwa tayari na ndoa halali kwingine, au wana undugu wa karibu wa damu.

Ugomvi, umaskini, kuchokana, na hata uzinzi uliotokea baada ya miaka mitano havibatilishi ndoa vyenyewe. Ni majeraha ya ndoa, na yanauma, lakini si lazima yathibitishe kwamba ndoa haikuwepo.

5. Njia yenyewe ikoje?

Anza na paroko wako. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Paroko atakusikiliza na kukuelekeza Mahakama ya Kanisa ya Jimbo Kuu. Utaandika ombi ukieleza mlivyojuana, mlivyochumbiana, siku ya ndoa na yaliyofuata. Utaleta vyeti vya ndoa na ubatizo, na majina ya mashahidi waliowajua tangu mwanzo. Kabla ya kupokea shauri, hakimu lazima aone kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutorudiana tena. Kwa kawaida waamuzi ni watatu. Ikishindikana kuwapata, anaweza kuwa mmoja mwenye daraja takatifu. Njia ya kawaida hailengi kuzidi mwaka mmoja katika ngazi ya kwanza.

Mambo matatu yanachanganya sana watu wa huku kwetu:

Kwanza, mahakama ya serikali na ya Kanisa ni mbili tofauti. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya kanisani inatambuliwa pia na serikali. Mtu akipewa talaka kwenye mahakama ya serikali, mfano pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke kinachosikiliza mashauri ya familia, mbele ya Kanisa bado ni mwanandoa. Na hukumu ya Kanisa haigawi mali wala haiondoi wajibu wa matunzo ya watoto.

Pili, Mkatoliki aliyefunga ndoa bomani tu, bila ruhusa ya Kanisa, hakufunga ndoa halali mbele ya Kanisa. Akiachana na mwenzake kisheria, hahitaji kesi ndefu. Paroko atachunguza hati zake kabla ya ndoa ya kanisani. Wajibu wake kwa watoto na kwa mwenzake uko pale pale.

Tatu, uchumba sugu. Wanaoishi pamoja bila ndoa hawana cha kutangaziwa ubatili. Wanachohitaji ni kumwona paroko, waeleze hali yao, na kama hakuna kizuizi wajiandae kufunga ndoa.

6. Mama alijibiwa nini

Mwaka 2019, baada ya semina moja ya ndoa, nilimshika mama mkono tukaenda ofisini kwa paroko. Alikuwa na khanga mpya na mikono inatetemeka. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mama, tangu mzee aondoke, umeishi na mwanaume mwingine?" Akajibu, "Hapana, Padre." Paroko akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nani alikukataza kukomunika?"

Mama hakujibu. Alilia.

Jamani, hili watu wengi hawalijui. Aliyeachwa, akabaki peke yake bila kuingia kwenye muungano mwingine, kutengana kwenyewe hakumzuii Komunyo Takatifu. Mtakatifu Yohane Paulo II alilifundisha hilo tangu 1981 katika Familiaris Consortio, namba 83. Mama yangu alikuwa amesogeza miguu kwa miaka 11 kwa sababu ya maneno ya watu. Jumamosi hiyo aliungama. Dominika alipita mbele yangu kwenye benchi, na safari hii mimi ndiye niliyesogeza miguu.

Kuhusu ubatili, paroko alimweleza kama nilivyoeleza hapa, akamwambia ana haki ya kuomba na kwamba si yeye paroko atakayeamua. Mama akafikiri wiki tatu. Kisha akarudi na kusema: "Padre, siku ile nilisema ndiyo, na nilimaanisha. Na baba yao, kwa nilivyomjua, naye alimaanisha. Alibadilika baadaye. Sina la kuiambia mahakama. Lakini yeye akiomba, nikiitwa nitakwenda na nitasema kweli." Ile hofu ya kwenye karai la maandazi ilikuwa imeisha.

Msinielewe vibaya. Kuna dada mwingine ninayemfahamu ambaye alipelekwa altareni kwa vitisho akiwa binti mdogo. Yeye aliomba, mashahidi wakasikilizwa, ndoa ikatangazwa batili, na leo ana ndoa takatifu. Yeye hakutafuta njia ya mkato, na mama hakuwa bora kuliko yeye. Wote wawili waliitafuta kweli, na kweli ya kila mmoja ilikuwa tofauti. Ndiyo maana mageuzi yale yana faida: yalifupisha njia ya kuifikia kweli, hayakuigeuza kweli.

7. Na sisi ambao bado?

Siku ya kuandikisha ndoa paroko atakuuliza, kila mmoja peke yake: unaingia kwa hiari yako? Uko tayari kupokea watoto? Unaahidi mpaka kufa? Kuna jambo umemficha mwenzako? Wengi wetu tunajibu haraka haraka maana ukumbi umelipiwa, kamati imekaa vikao sita na michango ya shangazi imekwisha kuingia. Lakini hayo ndiyo maswali yale yale Mahakama ya Kanisa ingeuliza miaka kumi baadaye, watoto wakiwa wamekaa nyumbani wanasubiri jibu.

Kijana, kama kuna hofu, sema wakati wa uchumba. Kama una mtoto mwenzako hamjui, mwambie kabla ya tangazo la kwanza. Kama unaona unasukumwa, simama. Michango inarudishwa, na aibu ya kuahirisha harusi inapita. Kuvunja uchumba kwa heshima si kosa. Kosa ni kusema "ndiyo" usiyoimaanisha mbele ya Mungu na mbele ya mtu anayekuamini.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi cha vijana

1. Je, kwenye jumuiya yetu kuna mtu aliyeacha kukomunika kwa sababu ya maneno ya watu? Nani atamsindikiza kwa paroko?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya talaka na ubatili wa ndoa.
3. Kitu gani ningepaswa kumwambia mchumba wangu leo, na ninakiogopa?

Tusali

Bwana Yesu, Hakimu Mpole, unaijua kweli ya kila nyumba kuliko tunavyoijua sisi. Wafariji walioachwa, uwape ujasiri wanaotafuta kweli, uwalinde watoto wao. Utujalie sisi vijana kusema ndiyo iliyo ndiyo. Mama Maria, Malkia wa familia, utuombee. Amina.

Tukutane katika somo lijalo. Mungu awabariki.